Nilimwambia Mke Wangu Hakuchomeka Vizuri, Kumbe Betri Ndiyo Iliyoshindwa

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie, na kabla hujanisaidia naomba usinicheke, maana mimi ni fundi umeme, mwaka wa ishirini na mbili huu nafunga nyaya kwenye nyumba za watu, mtaani kwetu hata watoto wadogo wananiita Mzee Fyuzi, na jambo lililonifikisha kwako ni betri. Naandika nikiwa kazini, wenzangu wameenda kula, mimi nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye chumba kisicho na milango bado, karatasi yenyewe ni mgongo wa orodha ya swichi na soketi, kwa hiyo vumilia mwandiko. Nyumbani siwezi kuandika kwa sababu mke wangu yuko pale mchana kutwa, na yeye ndiye habari yenyewe.

Mke wangu ni fundi nguo. Cherehani yake iko sebuleni chini ya dirisha, miaka kumi na tisa sasa, na kwa kweli nikisema ni fundi sisemi kwa sababu ni mke wangu, ukiingia mlangoni anakutazama mara moja na kukwambia kiuno chako, ukipima kwa tepu utamkuta amekosea nusu inchi au hakukosea kabisa. Michoro yake ya kukatia alikuwa anaikata kwenye magazeti ya zamani, na gazeti hili lako ninalomletea kila Jumamosi mimi nasoma ukurasa wako, yeye anasoma kidogo, kisha linakuwa mgongo wa gauni la mtu. Kitu kimoja tu hana, nacho ni cheti. Aliacha masomo mapema, na kila alipokwenda kuomba kazi ya kufundisha kwenye chuo cha ushonaji waliishika kazi yake mkononi, wakaisifu, wakamrudishia. Mara ya mwisho mkuu wa chuo, mama mmoja mkweli, alimwambia, "Lete cheti, kiti chako kipo."

Basi mwaka juzi akaanza kusoma kwa intaneti, kozi ya kuchora vipimo vya nguo kwenye kompyuta, mimi nikamtania kwamba nguo inachorwa kwa chaki, mama watoto, si kwa kubonyeza, lakini yeye akanunua laptop iliyotumika kwa mteja wake mmoja, akaishonea mfuko wa kitambaa cha kapeti, na kwa miezi kumi na moja, kila alasiri akimaliza kazi za watu, alikuwa anafuta vumbi la chaki mikononi, anavaa miwani, anakaa mbele ya ile mashine kama mtoto wa darasa la kwanza, mgongo umenyooka. Nilikuwa nikirudi kazini nawakuta hivyo wawili, yeye na mashine, nami moyoni nafurahi ila mdomoni natania, ndivyo nilivyoumbwa.

Laptop yenyewe betri yake ya ndani ilikuwa imechoka, ukiitoa kwenye umeme inakupa dakika arobaini na tano halafu inazima. Na mtihani wa mwisho ulikuwa wa muda wa saa tatu, unafanyika ukiwa unaonekana kwenye kamera, wanakupa vipimo vya mtu palepale na wewe unachora koti zima, kola, mgongo, mikono, kila kitu, na ukipotea hewani kwa zaidi ya dakika kumi mtihani unajifunga wenyewe. Mtaa wetu umeme unakatika unapotaka. Kwa hiyo mke wangu akasema tununue betri ya nje, na akaniambia maneno haya, nayakumbuka yote:

"Baba watoto, mwalimu ametuonya. Amesema tusiangalie ukubwa wa tangi peke yake, tuangalie na bomba. Tugeuze chaja ya laptop, tusome wati zake, halafu tutafute betri inayotoa wati hizohizo."

Nami nikamjibu mbele ya wateja wawili waliokuja kuchukua sare, "Mama watoto, leo mimi ndiye wa kufundishwa umeme na mwalimu wa nguo?"

Wateja wakacheka. Yeye hakucheka, aliinama akaendelea na pindo lake. Lakini nilipokuwa natoka alinipa kikaratasi, ameandika kwa penseli 65, basi. Nikakitia mfuko wa shati.

Dukani dada muuzaji aliniwekea betri mbili mezani. Moja ndogo, ya kijivu, haina mbwembwe. Nyingine kubwa kama tofali, ina tochi, ina taa nne za buluu, na ubavuni wameandika 50,000 kwa tarakimu nene. Dada akasema, "Ya laptop ni hii ndogo, mzee." Nikamwambia, "Dada, mimi kazi yangu ni umeme." Mshauri, nikueleze nilivyofikiri, maana ni kosa ambalo mtu asiye fundi asingelifanya. Mimi nimezoea betri za magari na za sola. Elfu hamsini za miliampea ni ampea hamsini, na betri ya gari ya ampea hamsini naijua inachoweza, inawasha taa za nyumba nzima na feni juu yake. Nikajiambia huu ndio mzigo, hiyo ndogo ni ya wanafunzi. Sikukumbuka kwamba hamsini niliyoizoea mimi ni ya volti kumi na mbili, na hizi za mfukoni ndani yake ni volti tatu na kitu, kwa hiyo hamsini yao si hamsini yangu, hata theluthi haifiki vizuri. Na sikugeuza kuona inasukuma wati ngapi kwenye tundu. Kikaratasi kilikuwa kifuani kwangu, nilikigusa kwa kidole, sikukitoa.

Nikafika nyumbani, nikachomeka, alama ya kuchaji ikatokea, nikapiga makofi, "Imekubali!" Mke wangu akasogeza miwani akasema, "Mbona hapa chini inaandika kwamba chaja hii ni dhaifu?" Nikamwambia mashine nazo zina umbea, achana nazo. Akaachana nazo.

Sasa nakuja kwenye lililonileta. Siku moja kabla ya mtihani alitoka kupeleka sare, mimi nikabaki nyumbani, na kitu kilikuwa kinaniwasha rohoni, nikaitoa laptop, nikafungua programu yake ya kuchorea, nikachomeka ile betri, nikakaa kuangalia. Nilianza na asilimia mia. Nusu saa baadaye ilikuwa hamsini na nane, na waya umechomekwa, na taa za buluu zinawaka zote nne. Nikageuza betri nikasoma maandishi madogo: wati kumi na nane. Tangi kubwa, bomba kama mrija wa soda. Nilielewa yote palepale, mimi si mjinga, na duka liko mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na lilikuwa wazi mpaka magharibi. Nikasikia geti. Nikafunga laptop. Akaingia, akaona betri mezani, akaniuliza, "Umeionaje?"

Nikasema, "Iko sawa."

Nilikuwa naomba tu umeme usikatike kesho yake, basi. Mtu mzima, fundi, nategemea dua ili nisiseme kwamba mwalimu wa nguo alikuwa sahihi.

Mtihani ulianza saa tatu asubuhi. Niliomba ruhusa kazini, nikakaa chumbani mlango ukiwa wazi kidogo. Saa nne kasoro kumi umeme ukakatika, feni ya sebuleni ikapunguza mwendo mpaka ikasimama, nami nikamsikia mke wangu akijisemea kwa sauti ya chini, "Haidhuru, betri ipo." Mshauri, maneno hayo nayasikia hata nikiwa juu ya ngazi natoboa ukuta. Alifanya kazi saa nzima na dakika kumi, nasikia vidole vyake tu. Saa tano kamili nikasikia kiti kinasogezwa. Kioo kilikuwa cheusi. Koti lilikuwa limekamilika mgongo, kifua na kola, mikono tu bado. Umeme ulirudi baada ya dakika ishirini na mtihani ulikuwa umeshajifunga.

Nilipotoka nilimkuta amesimama, ameshika ncha ya waya mkononi, anaitazama. Akaniangalia akasema, "Labda sikuchomeka vizuri."

Nami nikasema, "Ndiyo. Hukuchomeka vizuri. Waya ulikuwa umelegea."

Hakuna mtu aliyenilazimisha kusema hivyo. Ningeweza hata kunyamaza.

Miezi mitano imepita. Laptop ameirudisha kwenye mfuko wake wa kapeti, ameipandisha juu ya kabati. Ile betri anaitumia kwa simu tu, akiitaka huniambia, "Nipe ile betri ya simu." Amerudia kukata magazeti. Wateja wakimuuliza habari za kozi husema, "Mimi na mashine hatupatani, mimi na chaki tu," na kila akisema hivyo mimi nikiwepo, husimamisha cherehani, hunitazama, halafu anakanyaga tena. Mama mkuu wa chuo aliuliza kuhusu cheti, hakumjibu. Sasa wale wa kozi wametuma ujumbe kwamba waliokatikiwa na umeme wanaweza kurudia mtihani, mwisho wa kujiandikisha ni siku kumi na nane kuanzia leo. Nilimsomea ule ujumbe kwa furaha ya bandia. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Nikachomeke vibaya tena?"

Nimepata mpango. Nimerudi kwa yule dada wa duka, nimemwomba aniwekee ile betri ndogo. Nataka niipeleke nyumbani imefungwa vizuri, nimwambie mama watoto zawadi yako hii, jaribu tena, bila kufukua mengine. Rafiki yangu fundi bomba tunayefanya naye kazi hapa ananiunga mkono, anasema yaliyopita si ndwele. Kwa hiyo nakuuliza: je, betri ile ndogo itatosha kweli kwa saa tatu? Betri za namna hii zinatunzwaje zisituangushe? Na je, ni lazima nimwambie? Huwa anawaambia wateja kwa majivuno, "Mume wangu ni fundi." Naogopa hatasema tena. Najuta, mshauri, najuta sana, lakini najutia rohoni tu, mdomo haufunguki.

Ni mimi,
Mzee Fyuzi

MSHAURI ANAJIBU

Mzee Fyuzi,

Sijacheka. Nilipofika pale kwenye waya uliolegea niliweka barua yako chini nikaenda kunywa maji, maana maneno yaliyokuwa yananijia mhariri wangu angeyafuta yote.

Umeuliza maswali matatu. Mawili ni ya betri, moja ni la mke, na la mke umeliweka nyuma kabisa, kama mtu aliyeingia dukani akanunua kiberiti na sabuni huku anasubiri wateja waondoke ndipo aseme alichokuja kutafuta. Haya, betri kwanza, ili tumalizane nayo. Nimemuuliza fundi anayetutengenezea kompyuta hapa ofisini, naye akanijibu huku ameuma bisibisi, kwa hiyo nakuandikia nilichosikia.

Anasema mwalimu wa nguo alikuwa sahihi. Volti na ampea za chaja ya laptop ukizidisha unapata wati zake, ya mkeo bila shaka ni volti ishirini kwa ampea tatu na robo, ndiyo ile sitini na tano uliyoibeba kifuani. Betri itoe wati hizo kwenye tundu moja, lile utakalochomeka, si kwa kujumlisha matundu yote, kwa kuwa wenye kutengeneza hupenda sana kujumlisha. Waya nao uwe wa kubeba mzigo huo, ukichukua waya wa simu umerudi palepale kwenye mrija wa soda. Ama tangi, achana na ile namba ya maelfu inayong'aa, tafuta wati-saa, yaani wati mara saa, zimeandikwa nyuma kwa herufi za kuwatesa wenye miwani. Mashine yenu ikila wati thelathini na tano, kwa saa tatu ni mia moja na tano, uongeze robo inayopotea kama joto, upunguze kidogo kilichomo ndani ya laptop yenyewe. Hiyo ndogo uliyowekewa usiilipie kabla haijasomwa. Ikiwa chini ya mia, itamfikisha kwenye kola tu.

Siku yenyewe zijazwe zote mbili, laptop na betri ya nje, na betri ichomekwe tangu dakika ya kwanza isingoje umeme ukatike, kioo kipunguzwe mwanga, na isifunikwe na vitambaa, na kwenu najua vitambaa havina pa kukaa. Ikikaa bila kazi isiachwe tupu, iachwe nusu, ikumbukwe kila baada ya miezi miwili mitatu. Ikivimba tumbo, isichomekwe tena mahali popote. Na ijaribiwe kabla, saa tatu kamili, kwa programu ileile, mbele ya mwenye mtihani. Mbele yake, Mzee Fyuzi, si wakati amepeleka sare.

Betri imekwisha. Sasa kaa vizuri kwenye hiyo ndoo yako.

Kusoma namba vibaya dukani si dhambi. Kila fundi ana siku aliyokata waya usio wake. Kumcheka mkeo mbele ya wateja ni utovu wa adabu, lakini nao unasameheka. Kilichonichukiza ni ile "iko sawa." Duka lilikuwa dakika kumi, liko wazi, na kikaratasi ulikuwa nacho. Ulichagua mkeo aanguke kuliko wewe uonekane umekosea, halafu alipoanguka ukamwambia alijikwaa mwenyewe. Betri ilimnyima saa moja. Wewe umemnyima miezi mitano, na ukiendelea kujutia rohoni tu utamnyima na hizo siku kumi na nane.

Na hiyo zawadi, ifute. Ukimpelekea betri mpya iliyofungwa vizuri bila neno la kweli ndani yake, utakuwa umemwambia mara ya pili kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba wewe ni mume mwema unayemsamehe. Mwambie rafiki yako fundi bomba kwamba ndwele ipo, iko juu ya kabati, ndani ya mfuko wa kapeti.

Lakini kuna jambo umeliandika mwenyewe na hukuliona. Rudia kusoma. Umesema mkeo siku hizi akiitaka ile betri anasema, "Nipe ile betri ya simu." Ya simu! Mtu anayeamini kwamba tatizo lilikuwa ni kuchomeka, kwa nini aiite betri ya simu? Yeye ndiye aliyeandika 65 kwa mkono wake. Yeye ndiye aliyesoma kwenye kioo kwamba chaja ni dhaifu. Mwanamke anayepima kiuno cha mtu kwa jicho akiwa amekaa kwenye cherehani, unadhani hawezi kugeuza betri na kusoma kumi na nane?

Anajua, Mzee Fyuzi. Kama nimekosea nitakuomba radhi hapa hapa ukurasani, lakini nimesoma barua za wake na waume kwa miaka mingi na ninakwambia anajua. Huenda alijua siku ileile, akiwa ameshika ule waya. "Labda sikuchomeka vizuri" hakuwa anakiri kosa, alikuwa anakufungulia mlango uingie useme, "Hapana mke wangu, ni mimi." Wewe ukaufunga. Tangu hapo anaufungua kila siku. Kila akisema hapatani na mashine anasimamisha cherehani na kukutazama, na wewe ukadhani anapumzisha mguu. Na alipokuuliza, "Nikachomeke vibaya tena?" lile lilikuwa swali, bwana. Lina jibu moja tu, na mwenye jibu ni wewe.

Unaogopa hatasema tena mume wangu ni fundi. Alichokwisha kuacha kusema kwa miezi mitano hujakihesabu? Aliacha kusema anataka kufundisha. Aliacha kumjibu mama mkuu wa chuo. Ukubwa wako wa ufundi umelipiwa kwa vitu hivyo, na bado unauliza kama ni lazima.

Ni lazima, na ni leo. Usiende na zawadi mkononi, usiende na fundi bomba, usianze na "unajua mama watoto, umeme una mambo mengi." Rudi nyumbani, ngoja wateja watoke, kaa pale anapokaa mteja anayesubiri kupimwa, na useme hivi: "Ulichomeka vizuri. Betri haikuwa na nguvu, mimi nilijua tangu jana yake, nikakwambia iko sawa, halafu nikakusingizia." Kisha nyamaza. Usijieleze. Akilia, mwache alie. Akikaa kimya mpaka chai ipoe, inywe ikiwa baridi. Akikwambia alijua, usiulize kwa nini hakusema, maana aliyetakiwa kusema si yeye.

Hilo likiisha, panda wewe juu ya kiti uishushe laptop, na uifute vumbi kabla hajaishika. Mwulize kama anataka kujiandikisha, na jibu lake liwe lake. Akikubali, nendeni dukani pamoja, yeye atangulie, yeye ageuze betri, yeye asome, yeye achague, kazi yako iwe kubeba mfuko. Na kwa kuwa ulimcheka mbele ya watu, siku moja mteja akiuliza habari za kozi, sema kwa sauti ile ile uliyotania nayo kwamba betri ya kwanza uliinunua vibaya, na kwamba mke wako alikuonya. Utaona aibu kwa dakika mbili. Yeye ameibeba tangu mtihani ule.

Barua yako imenifikia baada ya siku sita, na mpaka ichapwe ni siku mbili nyingine, kwa hiyo unaposoma haya zimebaki kumi. Leo ni Jumamosi. Umelinunua gazeti kama kawaida yako, na kama kawaida yake mkeo atasoma kidogo, kisha atalitandika mezani alikate. Hakikisha maneno haya ameyasikia kinywani mwako kabla hayajafika chini ya mkasi wake.